Wiki ya Sita Haifungui Barabara: Kurudi kwenye Mbio Ndefu Baada ya Kufunguliwa Tumbo

Aliyefunguliwa tumbo akiuliza kliniki ni lini ataanza tena kukimbia, mara nyingi hujibiwa "baada ya wiki sita", na faili inafungwa. Jibu hilo lina ukweli wake, ila limepimwa kwa mtu anayetaka kurudi kazini, kuendesha gari na kubeba mtoto. Anayetaka kumaliza kilomita 21, au anayeishi Iten, mji wa nyanda za juu za Kenya ambako hata kwenda dukani ni kupanda na kushuka, anastahili kuelezwa ni nini hasa hutokea katika wiki hiyo. Kinachotokea ni kwamba uzi uliofunga tumbo unaanza kuachia kazi, na mwili unalazimika kujishikilia wenyewe ukiwa na takriban nusu ya nguvu zake za zamani. Hiyo ndiyo siku ambayo wengi huvaa raba.

Tunazungumzia hapa mkato mrefu wa katikati ya tumbo: kidonda cha tumbo kilichotoboka, utumbo uliojisokota, kidole tumbo kilichopasuka, majeraha ya ndani ya ajali ya boda boda. Aliyefanyiwa kwa matundu madogo na kamera hupona upesi zaidi, na wengi wao huruhusiwa kukimbia polepole ndani ya mwezi mmoja. Waliojifungua kwa upasuaji tutawafikia mwishoni. Upasuaji wa moyo, uti wa mgongo na nyonga ya bandia una sheria zake, na haumo humu.

Kazi ya uzi na kazi ya utando

Chini ya ngozi na mafuta kuna misuli ya tumbo, na misuli hiyo hujishikiza kwenye utando mgumu mweupe unaoshuka kutoka kifuani hadi kinena. Mkato wa katikati hupasua utando huo. Ndio unaozuia matumbo yasitokeze nje, na ndio unaochelewa kupona kuliko kitu chochote kingine kilichoguswa na kisu. Nyuzi za ngozi hutolewa siku ya 10 hadi 14, mgonjwa anaona kovu kavu, anadhani mambo yamekwisha. Ndani, utando ndio kwanza umeanza.

Siku nne tano za mwanzo mwili husafisha tu jeraha, na linaloshikilia pande mbili ni uzi peke yake. Kuanzia hapo hadi wiki ya tatu hivi pengo hujazwa kolajeni, protini inayoshikanisha nyama za mwili, lakini nyuzinyuzi zake huwa zimelala ovyo, kila upande. Halafu huja kipindi kirefu, cha miezi mingi hadi mwaka na zaidi, ambapo kolajeni hiyo hupangwa upya kufuata mwelekeo wa mvuto unaoipata. Kufikia wiki ya 6 hadi ya 8 utando huwa na karibu nusu ya nguvu zake. Mwaka ukiisha hufika kama asilimia 80. Haurudi kuwa kama ulivyozaliwa nao.

Sasa tazama uzi. Utando hufungwa mara nyingi kwa uzi unaoyeyuka polepole, kama ule wa polidioksanoni. Uzi huo hubaki na nguvu za maana kwa wiki 6 hivi, kisha hulegea, na kutoweka kabisa huchukua takriban miezi 6. Ukiweka hesabu hizi mbili pamoja utaona kwa nini kati ya wiki ya 6 na ya 12 ndiko kwenye hatari kwa mkimbiaji: uzi unaondoka, utando haujakomaa, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Fundi wa nyumba anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kesho yake baada ya kumwaga zege anaweza kutembea juu ya slabu, lakini mbao za chini haziondoi.

Kila hatua ya mbio hupiga chini kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Matumbo na ini hurushwa juu na kushuka, na shinikizo la ndani hupanda kila mguu unapotua. Miongoni mwa vitendo vya kila siku, kukohoa na kuruka ndivyo vinavyopandisha shinikizo la tumbo zaidi. Mbio ni kuruka kudogo kunakorudiwa maelfu ya mara. Kinachofuata utando ukishindwa ni henia ya kovu, yaani matumbo kuchomoza kupitia kovu, na baada ya mkato wa katikati huwapata takriban watu 10 hadi 20 katika kila 100. Si wakimbiaji tu, ni wagonjwa wote. Wanaoipata zaidi ni wale ambao jeraha lao lilitunga usaha, wavutaji sigara, wenye kikohozi cha muda mrefu, wenye kisukari au uzito mkubwa, na waliopasuliwa kwa dharura usiku bila maandalizi. Ukiwa na mojawapo ya hayo, hasa usaha, ongeza angalau mwezi mmoja kwenye kila tarehe utakayoisoma hapa chini.

Soma karatasi uliyopewa siku ya kutoka

Watu huhifadhi risiti ya hospitali na kupoteza karatasi ya maelezo ya upasuaji. Kwa mkimbiaji, hiyo ya pili ndiyo ya thamani. Muulize daktari maswali haya, na uyaandike: Mkato ulikuwa wapi na wa urefu gani? Utando ulifungwa kwa uzi wa aina gani, na je, kuna wavu wa kuuimarisha uliowekwa? Nilipoteza damu kiasi gani, na niliongezewa? Kuna kiungo kilichotolewa?

Swali la mwisho hubadilisha mengi. Ikiwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ilikatwa, mwili unaweza kushindwa kufyonza vitamini B12, na upungufu wake hujitokeza polepole, baada ya miaka, kwa uchovu na ganzi miguuni. Kipimo na sindano hutosha kuzuia. Ikiwa utumbo mpana ulipunguzwa, maji na chumvi hupotea kwa wingi zaidi chooni, na joto la Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, halitamsamehe mtu huyo kama linavyomsamehe mwenye utumbo mzima. Na ikiwa wengu ulitolewa, jambo linalotokea sana baada ya ajali za pikipiki, kuna mawili ya kufanya kabla hata hujafikiria mbio: chanjo za kinga dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo, na mazungumzo na daktari kuhusu kujikinga na malaria. Wengu ndio huchuja damu yenye vimelea. Kwa asiye nao, anayeishi kando ya ziwa, homa yoyote ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Pumzi hurudi mapema mno

Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu bila ugonjwa wowote. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Mtu aliyepasuliwa huteremka kwenye ngazi hiyohiyo, tena akiwa na jeraha, njaa na damu iliyopungua. Hivyo wiki za mwanzo kupanda ngazi za nyumba ya ghorofa humwacha akihema, na anaogopa kwamba mwili umekwisha.

Haujaisha. Sehemu kubwa ya upungufu wa mwanzo ni maji ya damu, na hayo hurejea ndani ya wiki mbili tatu za kutembea kwa bidii. Hapo ndipo mtego ulipo. Moyo na mapafu hujirekebisha kwa wiki. Utando, kano na mifupa huhitaji miezi. Mkimbiaji wa zamani ana bahati mbaya ya kuwa na moyo unaokumbuka kazi yake haraka, kwa hiyo kufikia mwezi wa tatu pumzi inamwambia aongeze kasi wakati mfupa wa muundi umepoteza mazoea ya kugongwa. Majeraha ya mfupa kwa wanaorejea huchomoza sana kati ya wiki ya 4 na ya 10 baada ya kuanza tena. Mfupa unapopewa mzigo mpya hubomoa kwanza sehemu zake za zamani kabla ya kujenga mpya, na katikati ya kazi hiyo huwa dhaifu kuliko ulivyoanza.

Seli nyekundu za damu zina hesabu nyingine. Kila moja huishi siku 120 hivi, na aliyepoteza damu nyingi anaweza kuhitaji miezi miwili mitatu kuirudisha, mradi ana chuma cha kutosha. Pima hemoglobini, yaani wingi wa damu, karibu na wiki ya 6, na ukiweza pima pia feritini, ambayo ndiyo akiba ya chuma. Usisome matokeo ya Eldoret kwa macho ya Mombasa: kadiri unavyopanda, mwili hutengeneza seli zaidi, hivyo kiwango kinachoonekana cha kawaida pwani kinaweza kuwa upungufu kwa mwenyeji wa nyanda za juu. Iten, kwenye mita 2,400, hewa ina karibu robo pungufu ya oksijeni ikilinganishwa na usawa wa bahari. Anayekimbia huko na damu ndogo analipa mara mbili.

Kidonge cha kawaida cha feri salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma. Kinavyomezwa ndivyo kinavyofaa au kupotea bure. Chai na maziwa huzuia chuma kisifyonzwe, na katika nchi ambayo siku haianzi bila chai ya maziwa, hili ndilo kosa namba moja. Meza kidonge kwa maji au juisi ya chungwa, saa moja kabla ya chai au saa mbili baada yake. Kikikuumiza tumbo au kukufunga choo, mwombe daktari akupe ratiba ya siku moja kumeza na siku moja kupumzika. Wengi huvumilia vizuri zaidi, na ufyonzaji haupungui kama unavyodhani.

Kuhusu chakula hatutakaa sana. Kinachohitajika ni protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anatafuta gramu 72 hadi 96. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharagwe yaliyoiva karibu 15, bilauri ya mala kama 8. Omena waliokauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ni wa bei nafuu kuliko unga wowote wa makopo unaouzwa kwenye maduka ya mazoezi. Sahani ya ugali mkubwa na sukuma pekee haitafunga utando.

Dawa mbili za kuangaliwa

Ya kwanza ni siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Hutolewa sana baada ya matatizo ya tumbo, na wagonjwa wengine hujinunulia dukani. Dawa hii na ndugu zake zinaweza kudhoofisha kano, hasa ile ya kisigino, hadi ikatike. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwekea kundi hili onyo lake kali zaidi mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Hatari haiishi siku ya kumeza kidonge cha mwisho; hudumu kwa wiki hadi miezi, na huongezeka kwa aliyepewa pia dawa za steroidi. Ikiwa uliitumia, anza mazoezi ya kuinuka kwa vidole vya miguu taratibu, na maumivu yoyote mapya nyuma ya kisigino yakusimamishe siku hiyohiyo. Usikatize dozi peke yako ukiwa bado unaitumia. Mwambie daktari kwamba wewe ni mkimbiaji.

Ya pili ni diklofenaki na wenzake wa kutuliza maumivu. Kukimbia ukiwa umezimeza ni kuzima kengele na kuacha moto. Zaidi ya hapo huumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji, na kwa aliyepasuliwa kwa sababu ya kidonda kilichotoboka, zinaweza kurudisha kidonda kilekile. Kanuni ni rahisi: siku unayohitaji dawa ya maumivu si siku ya mbio.

Wiki sita za kutembea

Kutembea huanza hospitalini, kwa kawaida siku ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji, na sababu kubwa si mazoezi bali kuzuia damu isigande miguuni. Hatari hiyo hudumu hadi kama wiki 12. Anayeruhusiwa Nairobi na kupanda matatu hadi Kisumu, takriban kilomita 350 za kukaa, ashuke kila gari linaposimama, na kati ya vituo akunje na kunyoosha vifundo vya miguu kila nusu saa.

Nyumbani, anza na dakika 5 mara nne au tano kwa siku, mahali tambarare. Kila baada ya siku mbili tatu ongeza dakika chache, na uunganishe matembezi mawili kuwa moja. Lengo la mwisho wa wiki ya 6 ni dakika 30 mfululizo, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, bila kuvutwa kwenye kovu wakati huo wala kesho yake.

Katika wiki hizi usiinue zaidi ya kilo 4 au 5. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, hata ukisaidiwa kuutwika. Na kuvuta maji kisimani, kulima na kupasua kuni ni vibaya kuliko kutembea kilomita tatu. Kwa akina mama hasa, familia hukubali asikimbie lakini husahau kumnyang'anya mtungi. Kuamka kitandani nako kuna namna yake: geuka ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Kunyanyuka moja kwa moja kwa tumbo ni zoezi zito ambalo hukupangiwa. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kandamiza mto juu ya kovu. Mkanda wa tumbo, au leso iliyofungwa vizuri, hupunguza maumivu na kukupa ujasiri wa kusimama; usiutegemee kuzuia henia.

Zoezi la kwanza la misuli ni pumzi. Lala chali, magoti juu, vuta hewa mpaka mbavu za chini zipanuke kando, kisha itoe taratibu ukivuta kitovu ndani na kubana misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo. Mara 10, mara tatu kwa siku. Mazoea haya ya kutoa hewa wakati wa kazi ndiyo yatakayolinda kovu baadaye, kwa sababu anayeziba pumzi huongeza shinikizo pale ambapo hapaitaki.

Kati ya wiki ya 6 na ya 12

Hiki ni kipindi cha kujenga, na ndicho kinachorukwa. Matembezi yafike dakika 45 hadi 60, kwa mwendo wa haraka, na kilima kidogo. Mara tatu kwa wiki fanya mazoezi ya miguu na nyonga: kuinua makalio ukiwa chali, kupanda na kushuka kidato cha ngazi, kukaa na kusimama kwenye kiti bila mikono, kuinuka kwa vidole vya miguu. Anza seti 2 za mara 8, fika seti 3 za mara 12. Kwa tumbo, telezesha kisigino kimoja mbali na kukirudisha ukiwa chali, mgongo ukigusa chini. Wiki mbili baadaye inua mguu mmoja na mkono wa upande wa pili. Yale mazoezi ya kuinua kifua kutoka chini yasahau kwa sasa. Hayamsaidii mkimbiaji chochote ambacho mengine hayawezi.

Angalia kovu kila wiki. Lala chali, magoti juu, weka vidole juu ya mstari wa kovu, kisha inua kichwa kidogo. Ukiona tumbo linachongoka katikati au vidole vinazama kwenye pengo laini, mpelekee daktari kabla ya kuendelea.

Kovu lililofunga kabisa linaweza kusuguliwa kwa kidole na mafuta laini dakika 5 kwa siku, ili ngozi isishikane na tabaka za chini. Mwenye mwelekeo wa makovu kunenepa, jambo la kawaida kwa ngozi nyeusi, aulizie bandiko la silikoni mapema. Kovu likishavimba, mpira wa kaptura unaolisugua kwa dakika 40 huligeuza jeraha jipya. Nunua kaptura yenye kiuno cha juu, au ile inayokaa chini ya kovu; isikae juu yake.

Majaribio kabla ya hatua ya kwanza

Tarehe pekee haitoshi. Wiki ya 12 ikifika, daktari akiwa ameridhika na utando, jipime: tembea haraka dakika 30, simama kwa mguu mmoja sekunde 10, chuchumaa nusu kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, inuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 20, kimbia palepale dakika 1, rukaruka kwa mguu mmoja mara 10 kila upande. Usisikie maumivu, uzito kwenye kinena, kuvuja mkojo, wala kuvutwa kwenye kovu. Ukishindwa jaribio moja, fanyia kazi hilo wiki mbili na urudie. Wanaoshindwa mara nyingi hushindwa la vidole vya mguu, kwa sababu shavu la mguu hunyauka haraka kitandani na hakuna anayelikumbuka.

Kisha ngazi ni hii, siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, kila mara ukianza na kumaliza kwa dakika 5 za kutembea. Kimbia dakika 1 na kutembea 2, mara 8. Halafu 2 kwa 2, mara 7. Halafu 3 kwa 1, mara 6. Halafu 5 kwa 1, mara 5. Halafu 10 kwa 1, mara 3. Mwisho dakika 30 mfululizo. Kila kidato kifanye mara tatu kabla ya kupanda, kwa hiyo hata mambo yakienda vizuri hutafika dakika 30 kabla ya wiki ya 18. Maumivu ya 2 kati ya 10 yanayoisha ndani ya saa 24 unaweza kuyavumilia. Yakizidi hapo, au yakilala nawe hadi keshokutwa, shuka kidato kimoja.

Baada ya hapo ongeza kimoja kwa wakati, kwa mpangilio huu: dakika, kisha siku, kisha vilima, kisha kasi. Kila wiki ya nne punguza theluthi. Vilima visubiri mwezi wa tano, kasi ya uwanjani mwezi wa sita. Nusu marathoni inafaa kufikiriwa mwezi wa nane au wa tisa, na marathoni mwaka ukishatimia. Wapo watakaokimbia mapema na wasipatwe na lolote. Hao hawakuhesabu, walibahatika.

Na tahadhari moja ya kijamii. Kuanzia Nakuru hadi Iten, mbio ni za kundi, saa kumi na mbili asubuhi, na kundi halina huruma: linaanza kwa mzaha na kumaliza kwa ushindani. Miezi miwili ya kwanza kimbia peke yako, au na mtu ambaye hajawahi kushinda chochote.

Barabara gani

Udongo ulioshindiliwa, tambarare, ndio bora. Lami ni ngumu lakini isiyo na mashimo inafaa, na mguu unaoteleza hufanya tumbo likaze ghafla. Kisumu ina bahati ya tambarare la Kano na mitaa ya Milimani yenye vivuli. Acha mteremko wa Riat kabisa hadi mwezi wa tano, na usidanganyike kwamba kushuka ni nafuu: kushuka ndiko kunakogonga zaidi, na ndiko kunakochana misuli ya paja. Joto na unyevu wa ziwa hupandisha mapigo ya moyo, basi maliza kabla ya saa mbili asubuhi. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni baridi na pazuri kwa kuanzia, mradi usielekee miinuko ya Menengai. Mkazi wa Iten au Kapsabet aliye na jamaa Kisumu au Ahero anaweza kufanya ngazi ile yote huko chini, akarudi juu akishaweza dakika 30.

Dalili zisizosubiri

Maji mepesi ya rangi ya waridi yakitoka ghafla kwenye jeraha, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, yanaweza kumaanisha utando umeachia ndani. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitali. Shavu moja la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kuchoma, fikiria damu iliyoganda. Tumbo likijaa, ukitapika, na upepo usitoke, hiyo inaweza kuwa mishikano ya ndani, yaani makovu yanayogandisha matumbo pamoja, iliyoziba utumbo, hata miaka baada ya upasuaji. Usiiite kichomi cha mbio. Uvimbe kwenye kovu unaorudi ndani ukilala unaweza kungoja kliniki ya wiki hiyo. Ukiwa mgumu, unauma na haurudi, haungoji asubuhi.

Homa ina mtego wake upande huu wa nchi. Mtu hupata joto wiki ya pili, anasema ni malaria, ananunua dawa, na usaha unaendelea kujaa ndani. Pima kwanza. Na hata kipimo kikionyesha malaria, jeraha litazamwe pia, kwa sababu mambo hayo mawili yanaweza kuja pamoja.

Waliojifungua kwa upasuaji

Mkato wa chini, wa kulala, hauna henia nyingi kama wa katikati, lakini mimba imenyoosha ukuta wa tumbo na sakafu ya nyonga kwa miezi tisa, hata kama mtoto hakupita huko. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza wa mwaka 2019 unataka angalau wiki 12 kabla ya kukimbia, na majaribio yaleyale tuliyotaja. Kuvuja mkojo ukiruka, au kuhisi kitu kizito kinashuka ukeni, ni ishara ya kurudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huwa inatibika kwa mazoezi, na hakuna sababu ya kuificha. Anayenyonyesha anyonyeshe kabla ya kutoka, avae sidiria inayoshika, na anywe maji zaidi. Na kama damu ya uzazi iliyokuwa imeanza kukauka inarudi nyekundu baada ya matembezi marefu, matembezi hayo yalikuwa marefu mno: punguza nusu kwa siku tatu, na isipokoma nenda kliniki.